Seti ya nguo saba kwa mbio za kwanza kwenye baridi: tathmini baada ya kilomita 10

Tathmini hii inahusu seti ya nguo saba inayouzwa kwa pamoja kwa ajili ya wakimbiaji wa majira ya baridi: fulana ya ndani ya sufu, koti jepesi la kuzuia upepo, suruali ya kubana, glavu, kofia, soksi, na skafu ya duara, ile isiyo na ncha ambayo huvaliwa kwa kupitishwa kichwani. Niliitumia kwa wiki nane za mazoezi na hatimaye katika mbio zangu za kwanza za nje, kilomita 10 za barabarani, asubuhi yenye nyuzijoto 1 na upepo wa kilomita zipatazo 20 kwa saa. Kabla ya wiki hizo nane nilikuwa nikifanya mazoezi ndani, juu ya mashine ya kukimbilia, mahali ambapo hewa haisogei na ambapo bukta na fulana nyepesi hutosha. Ninalitaja hilo mapema kwa sababu mgeni wa baridi hununua nguo kwa hofu, na hofu humwelekeza kwenye vazi zito kuliko analohitaji. Mimi pia nilianza kwa kutafuta koti nene lenye manyoya ndani, na ninafurahi kwamba nililirudisha mahali pake kabla ya kulipa.

Hukumu yangu ni kwamba seti hii inamfaa sana mtu anayekimbia na haimtoshi mtu aliyesimama. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa siku ya mashindano kuliko siku ya mazoezi. Katika mazoezi mtu hutoka mlangoni akikimbia na hurudi mlangoni akikimbia. Siku ya mbio zenyewe, nilikimbia kwa dakika 58, lakini tangu nilipofika uwanjani hadi nilipoingia tena kwenye jengo lenye joto zilipita saa mbili na dakika arubaini. Nguo zikipimwa kwa zile dakika 58 peke yake, karibu zote hupata sifa, kwa kuwa robo tatu au zaidi ya nishati inayotumiwa na misuli hugeuka kuwa joto, na mkimbiaji huwa kama jiko linalotembea. Kwa hiyo nimezipima katika nyakati tatu: kusimama kabla, kukimbia, na kusimama baada.

Wakimbiaji wazoefu wana kanuni moja ambayo ningependa kila mgeni aifahamu kabla ya kufungua pochi: vaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzijoto 10 hivi kuliko kipimajoto kinavyoonyesha. Maana yake ni kwamba katika nyuzijoto 1 mtu huvaa kama anayetembea katika nyuzijoto 11, na dakika za kwanza atahisi baridi kidogo. Baridi hiyo ya mwanzo ni dalili njema. Anayehisi vizuri kabisa akiwa amesimama kwenye mstari wa kuanzia atakuwa ameloa jasho kabla ya kilomita ya tatu, na jasho hilo ndilo litakalomtesa baadaye. Kanuni hii, hata hivyo, haihesabu upepo. Kwa vipimo vinavyotumiwa na watabiri wa hali ya hewa, nyuzijoto 1 pamoja na upepo wa kilomita 20 kwa saa huhisiwa kwenye ngozi iliyo wazi kama nyuzijoto 4 chini ya sifuri, na mtu anayekimbia kuuelekea upepo huo huongeza mwendo wake mwenyewe juu ya ule wa hewa.

Fulana ya ndani ndiyo iliyonishawishi kununua seti nzima, na haikuniangusha. Imefumwa kwa sufu ya kondoo wa aina ya merino, ambayo nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba hazichomi ngozi kama sufu ya mablanketi. Sifa kuu ya sufu ni kwamba inaweza kuchukua unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake bila kuhisiwa imelowa, na hata inapolowa huendelea kushika joto kwa kiasi fulani. Poliesta hufanya kazi kwa njia nyingine: yenyewe hunyonya maji kidogo mno, chini ya asilimia 1, hivyo jasho husambaa juu ya nyuzi na kukauka upesi. Zote mbili zinafaa. Kitambaa kisichofaa ni pamba, ambayo hunywa jasho, hulishikilia, kisha hulala juu ya ngozi kama kitambaa cha kukandia homa. Katika wiki ya pili, kwa kutaka kujua tofauti kwa mwili wangu mwenyewe, nilikimbia kilomita 5 nikiwa na fulana ya pamba chini ya koti lile lile, katika hali ya hewa iliyofanana. Wakati wa kukimbia sikuona tofauti kubwa. Niliposimama kwenye taa za barabarani kungoja magari yapite, mgongo ulipoa ndani ya dakika moja na meno yakaanza kugongana. Sikurudia tena.

Kasoro ya fulana hii ni mishono ya kwapani. Imelazwa vizuri mabegani na mbavuni, lakini kwapani mishono minne inakutana mahali pamoja na kufanya fundo dogo, na fundo hilo lilinichubua nilipokimbia zaidi ya saa moja. Mafuta ya mgando yaliyopakwa kabla ya kuvaa yaliondoa tatizo, ingawa mtengenezaji wa nguo ya kiwango hiki alipaswa kuliona mwenyewe.

Koti la kuzuia upepo ndilo kipande bora zaidi, na kama ningelazimika kununua kimoja tu ningechukua hilo. Ni jepesi kiasi cha kukunjwa likaingia kwenye mfuko wake wenyewe na kutoshea kiganjani. Halina kitambaa cha ndani cha kuleta joto, na mtu akilishika dukani hushindwa kuamini kwamba litamsaidia. Kazi yake si kuleta joto. Kazi yake ni kuzuia upepo usiifagie ile tabaka nyembamba ya hewa ya joto ambayo mwili umekwisha kuitengeneza kati ya ngozi na fulana. Mgongoni lina matundu ya hewa yaliyofunikwa na mkunjo wa kitambaa, na zipu yake hufunguka hadi chini kabisa. Zipu hiyo ndiyo chombo cha kurekebisha joto wakati wa mbio: niliifungua hadi kifuani nilipokuwa na upepo mgongoni, niliifunga hadi kidevuni barabara ilipogeuka, na sikulazimika kusimama hata mara moja. Kishikio cha zipu kimefungwa kamba fupi ili kishikike hata kwa mtu aliyevaa glavu. Aliyefikiria jambo hilo amewahi kukimbia kwenye baridi.

Ninasisitiza koti kuliko kitu kingine kwa sababu linahusu usalama. Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za milimani za kilomita 100 zilizofanyika mkoani Gansu, China, hali ya hewa ilibadilika ghafla ikaleta upepo mkali, mvua na mvua ya mawe, na wakimbiaji 21 kati ya 172 wakafariki dunia kwa sababu miili yao ilipoteza joto. Wengi walikuwa wamevaa bukta na fulana nyepesi, na koti la kuzuia upepo halikuwa miongoni mwa vifaa vya lazima. Mbio za kilomita 10 barabarani haziko karibu na hatari ya namna hiyo, lakini chanzo chake ni kile kile: upepo, maji, na mwili uliochoka usioweza tena kutengeneza joto la kutosha. Hata kwa wanaokimbia kwa kasi ya juu kabisa koti si alama ya udhaifu. Katika Boston Marathon ya mwaka 2018, siku ya mvua, baridi na upepo wa mbele, Desiree Linden wa Marekani alikimbia akiwa na koti na akashinda kwa saa 2:39:54. Kwa wanaume alishinda Yuki Kawauchi wa Japani kwa saa 2:15:58, mbele ya bingwa mtetezi, Geoffrey Kirui wa Kenya, na wakimbiaji wengi wa daraja la kwanza walijitoa njiani.

Suruali ya kubana inafaa na sina mengi ya kusema juu yake. Misuli mikubwa ya mapaja hujipatia joto yenyewe, hivyo kitambaa cha unene wa wastani kinatosha hadi karibu nyuzijoto 5 chini ya sifuri. Ina kamba ya kiunoni inayofungika vizuri, mfuko mdogo nyuma, na mistari inayoakisi mwanga kwenye mashavu ya miguu, jambo la maana katika majira ambayo mtu hufanya mazoezi gizani asubuhi na gizani jioni. Soksi ni za sufu iliyochanganywa na nailoni na hufika juu ya kifundo, hivyo haziachi ngozi wazi kati yake na suruali. Onyo moja tu: usivae jozi mbili kwa kudhani utapata joto maradufu. Kiatu kikibana, damu haifiki vidoleni vizuri, na mguu hupoa zaidi.

Viatu havimo katika seti, na ni sawa, kwa kuwa kiatu kipya hakivaliwi kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Nilikimbia na raba zangu za mazoezi ya kawaida. Povu la soli huwa gumu kiasi kwenye baridi, kwa hiyo kilomita ya kwanza mguu huhisi kama unatua juu ya ubao. Hali hiyo hupungua.

Glavu ndizo zilizonisikitisha. Mwili unapopatwa na baridi hubana mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki karibu na moyo na viungo vingine vya ndani. Vidole basi ndivyo vya kwanza kudhurika, na ndivyo mtu anavyovihitaji kwa kila kitu: kufunga kamba za viatu, kubandika namba kifuani, kufungua zipu, kushika kikombe cha maji. Glavu za seti hii ni nyembamba, za vidole vitano, na ncha za kidole gumba na cha shahada zimefumwa kwa uzi wa kugusia skrini ya simu. Katika nyuzijoto 6 au 7 zinapendeza. Katika nyuzijoto 1 yenye upepo, baada ya dakika ishirini za kusimama, sikuweza kuhisi vidole viwili vya mkono wa kushoto. Upepo unapenya mshono kwa mshono, na ncha zile za kugusia simu ni nyembamba kuliko sehemu nyingine zote, yaani udhaifu umewekwa mahali palipohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Kwa mbio yenyewe nilivaa juu yake glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja katika chumba kimoja na gumba peke yake, zilizoshonwa kwa kitambaa cha kuzuia upepo. Vidole vinavyogusana hupeana joto. Kuanzia kilomita ya nne nilizivua hizo za juu nikazichomeka kwenye mkanda wa suruali, na hapo ndipo glavu za seti zilipoanza kutosha.

Kofia ni nyepesi na hufunika masikio yote, nayo yanahitaji kufunikwa kuliko utosi. Ile imani ya zamani kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani si sahihi, kwani kichwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi ya mwili na hupoteza joto kwa kiasi kinachokaribia hicho. Lakini masikio hayana misuli ya kuyapasha joto, na maumivu yake huvuruga akili ya mkimbiaji. Skafu ya duara niliidharau mwanzoni. Siku ya pili ya mazoezi nilikohoa kwa saa nzima baada ya kurudi, kwa sababu hewa ya baridi ni kavu na hukausha njia za kupumulia. Nilipoanza kuipandisha skafu hadi juu ya pua kwa dakika kumi za kwanza, hewa niliyoivuta ilipita kwenye kitambaa chenye unyevu na joto la pumzi yangu mwenyewe, na kikohozi kikakoma. Mwenye pumu azungumze na daktari wake kabla ya kujiandikisha. Kitambaa shingoni hakichukui nafasi ya dawa.

Sasa niieleze siku yenyewe. Waandaaji walitutaka tufike saa moja kabla ya kuanza, na sehemu ya kusubiria ilikuwa uwanja wa wazi. Hapo ndipo seti ilipoonyesha mpaka wake. Koti lisilo na joto lake na fulana moja ya sufu haviwezi kumtunza mtu asiyesogea. Nilikuwa nimeshauriwa kuja na sweta kuukuu ambalo nisingesikitika kuliacha, pamoja na mfuko mkubwa wa plastiki wa takataka uliotobolewa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono. Nilivivaa vyote viwili bila aibu, na pembeni yangu walikuwepo wengi waliofanya vivyo hivyo. Plastiki ilizuia upepo, sweta lilishika joto, na nilivivua zikiwa zimebaki dakika tano. Namba ya kifuani niliibandika kwa pini nikiwa bado nyumbani, wakati vidole vina akili zao, na niliibandika kwenye mguu wa suruali badala ya koti ili niwe huru kulivua koti njiani. Kanuni za mbio zile ziliruhusu, lakini nyingine hutaka namba iwe kifuani, kwa hiyo zisomwe mapema. Kamba za viatu nilizifunga fundo mara mbili.

Kupasha misuli moto nilikufanya kwa robo saa: kutembea kwa haraka, kukimbia polepole, kisha mbio fupi nne za kama hatua hamsini. Kunyoosha viungo kwa kusimama tuli nilikuacha kabisa, maana mwili ungepoa tena. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba baridi humfanya mtu ahitaji kwenda haja ndogo mara kwa mara, kwa sababu damu inayosukumwa kutoka kwenye ngozi kuelekea ndani ya mwili huyafanya mafigo yatoe maji zaidi. Foleni ya vyoo ilikuwa ndefu. Mtu atenge muda wake, na asiache kunywa maji kwa kuogopa foleni, kwani jasho hutoka hata kama halionekani.

Mbio zenyewe zilikuwa raha tupu. Kilomita mbili za kwanza nilihisi baridi mapajani, ya tatu ikawa sawa, na kuanzia ya nne koti lilikuwa wazi hadi katikati na kofia imepandishwa juu ya masikio. Sikulivua koti kwa sababu kilomita mbili za mwisho zilikuwa zinauelekea upepo. Nilishukuru kwa uamuzi huo kila hatua.

Nilipovuka mstari wa kumalizia nilipewa maji na blanketi la foili. Blanketi hilo hurudisha joto linalotoka mwilini kwa mnururisho, yaani kama miale, na huzuia upepo, lakini halikaushi fulana iliyolowa, na maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ndani ya dakika saba hivi nilianza kutetemeka. Begi langu lilikuwa na fulana kavu, sweta nene na suruali pana, vyote nje ya seti, na nilijifunza utaratibu mmoja unaofaa kukaririwa: kwanza fulana iliyolowa itoke na kavu iingie, kisha kofia kavu, ndipo mtu ashughulikie medali, picha na salamu. Mkimbiaji mwenzangu nisiyemjua ndiye aliyenifungulia zipu ya begi, kwa kuwa vidole vyangu vilikataa. Seti inayojitangaza kuwa kamili kwa majira ya baridi ingepaswa kuwa na fulana mbili za ndani, hata ikibidi kuondoa soksi.

Kuhusu ufuaji, lebo inataka maji ya nyuzijoto 30 na inakataza dawa ya kulainisha nguo. Katazo hilo ni la kweli, maana dawa hiyo huacha utando juu ya nyuzi na kuzifanya zishindwe kupitisha jasho. Baada ya wiki nane fulana haijatoboka wala kunyauka. Koti limeanza kunywa maji mabegani, mahali ambapo mwanzoni matone yaliteleza kama juu ya jani la mgomba. Uzi wa ncha za glavu umefumuka upande mmoja.

Saizi zichaguliwe kwa uangalifu, kwa sababu vipande havilingani. Fulana iguse ngozi pande zote, la sivyo jasho halitaingia kwenye sufu. Koti liache nafasi ya ngumi moja kifuani. Kisha, kabla ya kulipa, vaa vyote viwili, inua mikono yote juu ya kichwa na jitazame mgongoni: kiuno kikifunuka hapo kwenye kioo, upepo utaingia mahali hapo hapo tangu kilomita ya kwanza.